Shida ya Mikono

Baba yangu alipoletwa nyumbani kwangu Bagira, alikuwa amelala hospitalini muda wa kutosha kuyachukia maneno mawili: "jikaze" na "pole pole". Kila aliyeingia chumbani alikuwa na mojawapo mdomoni. Muuguzi alisema "jikaze, papa", padri akasema "pole pole, muzee", naye aliwatazama wote kwa jicho la mtu anayesubiri wageni waondoke.

Kiharusi kilimpata kijijini kwake, Nyangezi, asubuhi, akikamua. Alinieleza baadaye kwamba hakusikia maumivu yoyote. Aliona tu mkono wake wa kulia umeachia chuchu ya ng'ombe, kama mkono wa mtu mwingine, na maziwa yakamwagika juu ya kiatu. Akauambia mkono ushike. Haukushika. Akauambia tena, kwa sauti, na ndipo alipotambua kwamba hata sauti haikutoka sawa. Kaka yangu alimkuta ameketi chini, ameegemea mguu wa ng'ombe, na ng'ombe ametulia kabisa.

Nyumbani tulikuwa wanawake tu. Mume wangu yuko Mwenga kwenye machimbo ya dhahabu na huja anapopata nafasi. Nilikuwa mimi, binti yangu wa miaka kumi na minne, na sasa shangazi yangu, dada mdogo wa baba, aliyeteremka kutoka kijijini ili amtunze kaka yake wakati mimi niko kazini. Mimi ni mshonaji. Nina chumba kidogo Nyawera, karibu na soko, chenye cherehani mbili na meza ya kukatia. Natoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo shangazi ndiye aliyekuwa na baba mchana kutwa.

Fundi wa mazoezi, ambaye kwetu kila mtu humwita kine, alikuja nyumbani mara ya kwanza na mfuko wa plastiki. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye mikono migumu na maneno machache. Akatoa kipande cha sponji na kumwambia baba akikamue. Akaweka sahani mbili, moja yenye maharage, na kumwambia ahamishe punje moja moja. Akampeleka ukutani, akaviweka vidole vyake juu ya chokaa na kusema vidole hivyo vipande juu, kama mtu anayepanda mlima. Mwisho, kutembea: mlangoni hadi kwenye geti na kurudi.

Alipokuwa anaondoka alinivuta pembeni. "Mukono itarudi kama anafanya kila siku," alisema. "Hata siku hana hamu. Sana sana siku hana hamu. Akiacha, itabakia vile."

Siku zilizofuata niliona kwamba baba hakuwa na hamu siku yoyote. Alikuwa mtu aliyefanya kazi maisha yake yote bila kusukumwa. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anakata majani ya ng'ombe kabla ya chai. Nilidhani mtu wa namna hiyo atalishambulia lile sponji kama anavyolishambulia shamba. Badala yake aliliweka juu ya dirisha na kugeukia ukuta. Shangazi alimlisha, alimfuta mdomo, alimfunga vifungo, na kama kijiko kilianguka alikuwa amekwisha kukiokota kabla baba hajatazama chini.

Nilijiuliza: ile nidhamu imekwenda wapi? Je, nayo ilikuwa ndani ya mkono wa kulia?

Nilikuwa na wanafunzi wawili wa kushona, na kwao nilijua la kufanya. Aliyemaliza pindo bila kulifumua nilimpa kipande cha lasi, au nilimruhusu akate kitambaa kizuri. Iliwasaidia. Nikafikiri, mtu ni mtu, nitajaribu nyumbani. Baba alipenda maziwa ya mgando, yale tunayoyaita mashanza, kuliko chakula chochote. Nikanunua kopo, nikaliweka juu ya meza alione.

"Papa, ukimaliza mazoezi, ninakupa mashanza."

"Na nisipomaliza?"

"Itabakia mu kopo."

"Basi ibakie."

Akaacha kuyagusa kabisa. Hata nilipoyamimina na kumpa bila sharti, alisukuma kikombe kwa mkono wa kushoto na kusema, "Kunywa wewe, mama." Aliniita mama siku zote kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, lakini siku hiyo neno lilikuwa na ncha.

Nikajaribu redio. Nilimwambia shangazi asiifungulie mpaka sponji likamuliwe. Baba alikaa siku nzima katika kimya, akionekana kama mtu aliyekuwa akikingojea kimya hicho, na shangazi ndiye aliyeteseka kwa kukosa matangazo ya vifo. Kisha nikamwahidi jambo kubwa: mkono ukishika kikombe, tutapanda gari twende Nyangezi akaone ng'ombe wake. Hapo macho yalifunguka. Alifanya mazoezi kwa nguvu mpaka jasho. Baada ya siku kadhaa aliniuliza, "Tunaenda lini?" Nikamwambia mkono bado. Akautazama, akautazama tena, na sponji likarudi dirishani.

Haya yalinishangaza kuliko kunihuzunisha. Zawadi ndogo ilikuwa tusi. Zawadi kubwa ilikuwa mbali mno. Na zote mbili nilizichagua mimi, mtoto wake, nikiwa nimesimama, na yeye ameketi. Wakati huo sikuliona jambo hili la mwisho.

Lililotufungua lilikuja siku ya Jumapili, baada ya misa, likiwa limevaa viatu virefu na hasira. Mteja wangu mmoja alipanda mlima wote mpaka getini kwangu. Alikuwa ameniletea kikwembe, kitenge kipya, nimshonee gauni la ubatizo wa mtoto wa dada yake, na ubatizo ulikuwa umekaribia.

"Maman kuturière, nguo yangu iko wapi? Nilikuja Nyawera Alhamisi, ukaniambia Jumamosi. Nikakuja Jumamosi, ukakuwa umefunga."

Nikaanza. Umeme ulikatika. Uzi wa rangi ile ulikosekana soko zima. Mgonjwa ndani ya nyumba, kama unavyoona. Yote yalikuwa kweli, na yote hayakuwa sababu. Baba alikuwa ameketi barazani, akisikiliza. Mteja alipoondoka na ahadi mpya mkononi, baba aliniita.

"Mama. Ile nguo uliikata?"

"Niliikata, papa."

"Inabakia nini?"

"Zipu na mikono."

Nusu ya mdomo wake iliyokuwa hai ikapanda juu. Alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu Nyangezi.

"Mikono," alisema. "Kumbe mu hii nyumba shida yote iko ya mikono. Yangu moja inakatala. Na wewe, zako mbili ziko nzima, na zinakatala vilevile."

Shangazi alikemea kutoka jikoni kwamba mgonjwa hapaswi kuongea maneno makali. Lakini mimi niliketi kwenye ngazi, kwa sababu alikuwa amesema kweli, na nilitaka kuichunguza kweli hiyo.

Kila anayeshona anaijua. Kukata ni raha: kitambaa kipya, chaki, mkasi unaotembea. Kuunganisha mwili wa gauni pia ni raha, unaona umbo linatoka. Halafu zinabaki zipu, mikono, pindo, vifungo, na hapo moyo unahama. Anaingia mteja mwingine na kikwembe kingine kinachonukia dukani, na mikono yako yenyewe inakifuata. Nguo ya kwanza inakunjwa na kuwekwa kapuni. Kapu langu lilikuwa limejaa nguo zisizo na mikono, kama watu walioponea vitani. Kila jioni nilijiambia kesho nitaanza na kapu. Kila asubuhi nilianza na kitambaa kipya.

"Sasa tufanye nini?" nikamwuliza.

"Hapana kunipangia zawadi," alisema. Aliongea polepole, akitafuta kila neno kwa ulimi mzito. "Miye siko mutoto wa shule. Nitapanga yangu. Wewe panga yako. Na kila mutu anajipa yeye mwenyewe."

"Unataka nini, papa?"

"Nitawaza."

Aliwaza mpaka asubuhi ya siku iliyofuata, nilipomletea chai kabla ya kutoka.

"Nataka muniache," alisema.

Nilidhani anaongea habari ya kufa. Akaona uso wangu na kutikisa kichwa kwa hasira.

"Hapana vile. Nikimaliza ile maharage, na ukuta, na kutembea, nataka muniache peke yangu. Mutu asinifute mudomo. Asiniulize niko namna gani. Asiokote kitu yangu. Dada yangu atoke, afunge geti, aende kuongea na bajirani. Nikichoka na upweke nitapiga mulango na fimbo."

"Na ukianguka?"

"Nitakuwa nimeanguka peke yangu."

Shangazi alilia. Alisema ameacha nyumba yake na mbuzi wake ili aje afukuzwe na mtu asiyeweza kujifunga kifungo. Nilimpeleka jikoni na kumbembeleza. Mimi mwenyewe niliogopa. Lakini nilikuwa na hamu ya kuona, hamu iliyozidi woga kidogo tu. Sikuwahi kufikiri kwamba zawadi inaweza kuwa kitu kinachoondolewa. Sisi tulikuwa tukimwongezea na kumwongezea, kumbe alikuwa na njaa ya kupungukiwa.

Tukakubaliana. Na kuanzia wiki hiyo shangazi alinipa taarifa kila jioni, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa: "Alimaliza maharage yote. Akanifukuza."

Yangu ilikuwa ngumu zaidi kuichagua. Ni ajabu jinsi mwanamke mzima anavyoweza kukosa jibu akiulizwa anataka nini, kitu kidogo, leo. Mwishowe nilichagua sambaza. Nyuma ya soko kuna mama mmoja anayekaanga zile samaki ndogo za ziwa, zinakuwa kavu na nyekundu, na anaziweka ndani ya karatasi pamoja na pilipili. Zawadi yangu haikuwa samaki tu. Ilikuwa kuzila peke yangu. Nimelelewa kwamba chakula kinaletwa nyumbani na kugawanywa, na sijui kama niliwahi kula kitu kizuri bila kuhesabu vinywa vingine. Sheria ilikuwa hii: nikifika Nyawera, kabla ya kugusa kitambaa kipya, natoa nguo moja kapuni na kuimaliza kabisa, mikono, zipu, pindo, mpaka ipigwe pasi. Kisha naenda nyuma ya soko.

Siku ya kwanza nilikula nikiwa nimegeukia ukuta kama mwizi. Zilikuwa tamu kupita kiasi. Wachukuzi walipita na magunia kichwani, mmoja akaniambia, "Maman, karibisha," nami kwa mara ya kwanza maishani nikatabasamu tu bila kukaribisha.

Kapu lilianza kushuka. Mwenye gauni la ubatizo alipata gauni lake siku moja kabla, akalishika, akaligeuza, akatazama mikono yote miwili. "Uko mugonjwa?" aliniuliza kwa wasiwasi wa kweli.

Lakini sambaza zilichakaa. Sina neno lingine. Baada ya muda nilijikuta nazila bila kuzisikia, nikifikiria mambo mengine, na asubuhi moja nilitazama kapu na kusema moyoni, sambaza zenyewe hata sizitaki, na mkono ukaenda kwenye kitambaa kipya. Nilipomweleza baba jioni, alionekana kufurahi kana kwamba nimemletea fumbo.

"Ulichagua kitu ya tumbo," alisema. "Tumbo inashiba. Chagua kitu haishibe."

Nilikuwa na kikwembe changu mwenyewe, kizuri, chenye maua ya rangi ya zambarau, ambacho mume wangu aliniletea kutoka Mwenga. Kilikuwa kimelala sandukuni kwa sababu mshonaji hashoni nguo zake, anashona za watu. Nikakipeleka Nyawera. Nikakikata siku moja bila sharti, kama mtaji. Kisha nikaweka sheria mpya: kila nguo ya kapu inayomalizika, mshono mmoja wa nguo yangu. Mmoja tu. Bega. Kesho yake ubavu. Nilishangaa jinsi mshono mmoja ulivyoweza kunivuta kutoka kitandani. Nilikuwa napanda gari la kushuka mjini nikiwaza kola, na ili niifikie kola ilinibidi nipitie suruali ya mtu.

Na huku nyumbani, nilibaki na swali moja lililoniwasha. Baba alikuwa anafanya nini akiwa peke yake? Shangazi hakujua. Kila aliporudi alimkuta ameketi barazani, fimbo magotini, uso umetulia kama maji ya asubuhi. Nilimwuliza mara moja. Akasema, "Hiyo ni ya kwangu."

Nilijua kwa bahati. Mkanda wa cherehani ulikatika asubuhi, na ule wa akiba ulikuwa nyumbani. Nikapanda gari kurudi Bagira. Nilipofika kwenye njia yetu nilimwona jirani yangu amesimama karibu na ukuta wetu na beseni la nguo kiunoni, hatikisiki. Aliponiona aliweka kidole mdomoni.

Ndipo nikasikia. Ilikuwa sauti ya baba, kubwa, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue. Alikuwa anaita ng'ombe. Alikuwa anawaita kwa Kimashi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa jina lake na sifa zake, vile nilivyomsikia nikiwa mtoto kule mlimani: ile sauti inayovutwa mwishoni, inayopanda na kushuka. Maneno yalikuwa yamepinda. Jina moja lilimshinda, ulimi ukateleza, akalirudia, likateleza tena. Akatukana. Akalirudia mpaka likatoka zima, kisha akaenda kwa ng'ombe anayefuata.

"Anafanya vile kila siku," jirani alininong'oneza. "Mbele nilifikiri ni wazimu. Sasa ninakuja kusikiliza."

Nikafahamu kwa nini alinyamaza muda wote ule tulipokuwa naye. Hakuwa mkaidi. Alikuwa anaona haya kusikika vile, mbele yetu, sisi tuliokuwa tayari kumwambia "pole pole". Sikuingia. Nilikwenda kuketi kwenye uwanja wa jirani, tukachambua mboga zake za lengalenga bila kuongea, mpaka tukasikia fimbo ikigonga mlango. Baba hakujua kwamba nilisikia, na sikumwambia.

Ningependa kusimulia kwamba baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri, lakini zawadi ziliingia nyumbani mwetu kama mchwa, zikaenda mahali ambapo hatukuzituma.

Binti yangu alikuwa ametutazama. Aliona koko wake, yaani babu yake, ana zawadi, aliona nguo ya zambarau ya mama yake inakua, akaja kwangu na hoja iliyonyooka. "Na miye?"

Nikaona ni haki. Alikuwa na uvivu wa hesabu, kwa hiyo tulianza na hesabu: akimaliza kazi ya shule kabla ya giza, nampa mega za intaneti za simu. Alimaliza. Nikafurahi na kupanua. Vyombo, bombo, yaani peremende. Kufagia, bombo mbili. Sikuwa nimefikiri. Ilikuwa kama kupata dawa inayoponya kichwa na kuanza kuipaka miguuni.

Binti huyu, tangu koko wake alipofika, alikuwa na desturi ambayo hakuna aliyemfundisha. Akirudi kutoka shuleni, kabla ya kuvua sare, alimpelekea koko maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati na kukaa naye kidogo. Siku moja nilikuwa nyumbani mapema. Baba alimwita amletee maji. Naye akajibu kutoka ndani, bila ubaya wowote, kwa sauti nyepesi kabisa:

"Koko, utanipa nini?"

Baba alinitazama, na sijasahau jicho lile. "Mutoto ananiuzisha maji," alisema.

Nilitaka kumpiga. Baba alinizuia kwa mkono, na wote wawili tuliona kwamba ulikuwa ni ule wa kulia, umeinuka mpaka kifuani. Lakini hatukuwa na nafasi ya kuushangilia.

"Kuja hapa," alimwambia mjukuu wake. "Mbele ulikuwa unaniletea maji juu ya nini?"

"Sijui, koko. Nilikuwa napenda tu."

"Na sasa?"

Binti alifikiri. Niliona anafikiri kwa kweli, uso umekunjamana. "Sasa sijui kama napenda," alisema, na machozi yakaanza kumtoka, kwa kuwa yeye mwenyewe alishtuka kusikia hivyo.

Baba hakumkemea. Alikuwa na udadisi uleule uliokuwa unanishika mimi. Tuliketi watatu barazani mpaka shangazi akatuita kula bugali, tukijaribu kuelewa jinsi kitu kilichokuwepo kinavyoweza kuondoka kwa kulipwa. Baba alifikiri kwamba zawadi ni kama fimbo ya kutembelea: inafaa pale mguu unapokataa. "Ukimupa mutu muzima fimbo," alisema, "atajifunza kuchechemea." Binti alikubali kwamba hesabu zilikuwa mguu wa mgonjwa na maji hayakuwa. Tukafuta zawadi zote isipokuwa ya hesabu, na hiyo nayo nilimwachia aichague na ajipe mwenyewe. Hakuniambia aliichagua ipi, na ingawa niliwashwa, sikuuliza.

Maji hayakurudi mara moja. Kwa muda hakuna aliyeyaleta. Binti alipita mbele ya koko akiinamisha kichwa, kama mtu anayepita kwa anayemdai. Baba alianza kuyafuata mwenyewe jikoni, kwa mguu wake mzito, akimwaga nusu njiani, na shangazi aling'ata midomo ili asimsaidie. Halafu nikakuta jioni moja wameketi pamoja, kikombe cha bati katikati yao. Sikuuliza nani alikileta.

Mkono haukurudi wote. Kine alipokuja mwishoni mwa mvua alimwambia wazi: vidole viwili vya mwisho vitabaki vimekunjika. Lakini baba alishika kikombe, alifunga vifungo vyote isipokuwa cha shingoni, na alitembea mpaka kanisani akiwa na fimbo. Kine alimwuliza nani alikuwa akimsukuma. "Hakuna mutu," alijibu, na shangazi akasema "Ni kweli," bado akiwa na kinyongo kidogo.

Kuhusu mimi, siku moja niligundua kwamba nimemaliza koti la mtu, nikalipiga pasi, nikafunga chumba na kurudi nyumbani bila kushona mshono wangu. Sikuwa nimeuacha kwa makusudi. Niliusahau. Nikajaribu kukumbuka kama jana yake niliushona, na juzi, na sikuweza. Mahali fulani katika siku hizo zinazofanana, asubuhi ya kuanza na kapu ilikuwa imegeuka kuwa asubuhi tu. Jambo hili bado nalishangaa. Mtu anaona anapoanza kujilazimisha. Kwa nini haoni anapoacha? Nguo ya zambarau niliimaliza baadaye, mikono yote kwa mkupuo mmoja, nikaivaa kwenye komunyo ya mtoto wa rafiki, na kusema kweli inanibana kwapani. Na bado kuna wateja wanaonisubiri kupita siku niliyoahidi, hasa majira ya ndoa. Lakini tangu hapo hakuna aliyepanda mlima mpaka getini.

Baba alirudi Nyangezi kiangazi kilipoanza. Alikataa kushikwa akipanda gari. Kondakta alimpa mkono, naye akausalimia kana kwamba amepewa kwa salamu, kisha akapanda peke yake, taratibu sana, huku abiria wote wakisubiri.

Huwa ananipigia simu. Hivi karibuni alinipigia mchana, nikiwa kwenye cherehani, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye kesi.

"Mama, kuko jirani yangu hapa, ule wa kule bondeni. Naye AVC ilimupiga, kama miye. Muguu. Anakatala mazoezi. Nimeenda kwake kila siku."

"Umemwambia jikaze?"

"Usinitukane. Nilimuuliza anataka nini. Nilimuuliza vizuri, nikaketi chini, nikangojea."

"Akasema?"

"Anataka kasiksi. Glasi moja, kila akimaliza."

"Papa, pombe ya ndizi! Daktari atakatala."

"Najua atakatala. Njo maana nakupigia. Sasa tufanye namna gani?"

Nikasimamisha cherehani. Wanafunzi wangu waliinua vichwa. Nilifikiria glasi ndogo, nikafikiria kuongeza maji ndani ya kibuyu cha pombe, nikafikiria kama mzee yule anataka kasiksi au anataka mtu wa kunywa naye, na nikamwuliza baba kama kabla ya kuugua mtu huyo alikuwa anakunywa nyumbani au nje.

"Subiri," baba alisema. "Hiyo sikuuliza. Ngoja niende."

Akakata simu.